Walega na Serikali: Nchi Isiyokuwa na Mfalme

Kwa Washi na Wahavu, majirani wa upande wa mashariki, mwami ni mfalme. Kwa Walega neno hilo lina maana nyingine kabisa: mwami ni kila mtu aliyeingizwa katika chama cha Bwami, na kijiji kimoja huweza kuwa na bami wengi. Asiyeitambua tofauti hiyo hataelewa historia ya utawala katika nchi hiyo ya msitu, ambayo leo imegawanyika kati ya Pangi, katika Maniema, na Shabunda na Mwenga, katika Kivu ya Kusini.

Mambo ya ukoo yalikatwa na wazee wa ukoo. Bwami iliziunganisha koo kwa madaraja yaliyopandwa hatua kwa hatua, kwa mali, kwa msaada wa ndugu na kwa mafundisho yaliyojaa methali, hadi daraja la juu la kindi. Aliyefika huko aliheshimiwa mbali, lakini hakuwa na askari wala hakutoza kodi. Na wake nao walikuwa na madaraja yao.

Serikali ya kikoloni ilihitaji mtu wa namna nyingine: mmoja, mwenye jina katika daftari, atakayeulizwa habari za kodi, barabara na vibarua. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 iliagiza wenyeji wote wawekwe katika sheferi, kila moja na mkuu wake mwenye nishani. Mahali pasipokuwa na mfalme, mkubwa wa ukoo wowote aliweza kufanywa mkuu. Si ajabu basi kwamba kufikia 1917 koloni zima lilihesabu sheferi zaidi ya 6,000, nyingi zikiwa ndogo mno. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaleta dawa yake: vikundi vidogo vikakusanywa katika sekta, chini ya mkuu aliyewekwa na serikali.

Hapo ndipo penye kinyume kikubwa. Utawala uliodai kuhifadhi mila uliitilia Bwami shaka, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ukaipiga marufuku. Mkuu wa sekta alitakiwa aheshimiwe kwa jina la mila, huku chombo kilichotoa heshima hiyo kikiwa kimekatazwa na sheria.

Uhuru wa 1960 haukuufumua mpango huo. Uliongeza tu mabadiliko ya mipaka. Maniema ikawa jimbo mwaka 1962, ikarudishwa ndani ya Kivu mwaka 1966, kisha ikatengwa tena mwaka 1988. Sheria ya 1973 ilijaribu kuwageuza wakuu wa mila kuwa watumishi wanaoweza kuhamishwa mbali na kwao. Jaribio hilo halikudumu, maana mkuu asiye na makaburi ya babu zake mahali anapotawala hasikilizwi.

Mgawanyo wa 1988 ndio uliowagusa Walega zaidi. Mwenyeji wa Pangi mwenye shauri la ardhi na wajomba zake wa Shabunda hulipeleka Kindu, na wao hulipeleka Bukavu. Wazee wa ukoo, ambao zamani wangelikata chini ya mti mmoja, wamebaki kila kundi upande wake wa mpaka.