Saa 700 za mshauri: safari ya nasaha za shuleni hadi chuo kikuu

Kijana alikuwa na umri wa miaka 19. Alikuwa mwembamba, mashavu yameingia ndani, macho hayana uchangamfu, na katika saa nzima ya mazungumzo hakutabasamu hata mara moja. Alipoulizwa anataka kazi gani maishani, alisema anataka kuwa daktari.

Aliyekuwa akimhoji ni Frank Parsons wa Boston, Marekani. Parsons hakumkatisha tamaa. Alimwomba awafikirie vijana wawili wanaoanza udaktari: mmoja ana afya njema, sauti ya upole na uso wa bashasha, mwingine ni mnyonge, mkimya, hana tabasamu. Je, yupi atapata wagonjwa? Kijana akajijibu mwenyewe. Kutoka hapo wakaanza kuzungumza juu ya kazi nyingine ambazo zingemfaa zaidi.

Kisa hicho kimo katika kitabu cha Parsons kilichochapishwa mwaka 1909, na wengi wanakihesabu kitabu hicho kuwa ndicho kilichozaa taaluma ya ushauri nasaha shuleni. Parsons mwenyewe hakuwa na cheti cha ushauri, kwa sababu siku hizo hapakuwa na chuo kilichofundisha kazi hiyo. Alisomea uhandisi, akawa mwanasheria, kisha akafundisha sheria chuo kikuu. Karne nzima iliyofuata ilitumika kujibu swali moja: mtu anayeshika mustakabali wa mtoto wa mwenzake afundishwe nini kabla ya kukabidhiwa kazi hiyo?

Ofisi ya mtaa wa wahamiaji

North End ulikuwa mtaa wa Boston uliojaa wahamiaji, hasa Waitalia na Wayahudi. Watoto wao waliacha shule mapema na kuingia viwandani, wakishika kazi yoyote iliyotokea. Katika mtaa huo kulikuwa na nyumba ya huduma za jamii iliyoitwa Civic Service House, na humo, Januari 1908, Parsons alifungua ofisi ya kuwaongoza vijana katika kuchagua kazi. Fedha zilitoka kwa mfadhili Pauline Agassiz Shaw.

Njia yake ilikuwa na hatua tatu. Kijana ajijue: uwezo wake, anachokipenda na mipaka yake. Kisha azijue kazi zilizopo, mahitaji yake na malipo yake. Mwisho apime, kwa akili iliyotulia, jinsi viwili hivyo vinavyooana. Wanafunzi wa ushauri nasaha wanajifunza hatua hizo mpaka leo.

Parsons alifariki Septemba 26, 1908, hata mwaka haujaisha tangu afungue ofisi, na kitabu chake hakijatoka. Meyer Bloomfield akaichukua kazi. Shule za Boston zikaomba msaada, na zaidi ya walimu 100 wakateuliwa kuwa washauri. Hata hivyo, walimu hao walibaki na vipindi vyao vyote darasani, na ushauri ukawa mzigo wa ziada. Nia ilikuwapo, lakini muda na ujuzi havikuwapo.

Bloomfield aliona pengo hilo. Mwaka 1911 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard kozi ya kuwaandaa washauri, mojawapo ya kozi za kwanza za aina hiyo nchini mwao. Miaka miwili baadaye, mjini Grand Rapids, kikaundwa chama cha taifa cha wanaoongoza vijana katika uchaguzi wa kazi.

Sauti kwenye santuri

Vita Kuu ya Kwanza ilileta mtihani wa akili. Jeshi la Marekani liliwapima askari wapatao milioni 1.7, na amani iliporudi shule nazo zikaupokea mtindo huo. Kwa muda mrefu kazi ya mshauri ikaonekana kuwa ni kupima, kusoma alama na kutoa maelekezo. Mtoto akawa namba.

Katika miaka ya 1940 mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Ohio State, aliugeuza mwelekeo huo. Alisema mtu mwenye shida ndiye anayeijua shida yake kuliko yeyote, na kazi ya mshauri ni kumsikiliza mpaka ajisikie mwenyewe. Ili kuyathibitisha hayo, yeye na wanafunzi wake walianza kurekodi mazungumzo ya ushauri kwenye santuri. Santuri moja ilijaa baada ya dakika chache, ikawalazimu kuibadilisha huku mteja akiendelea kuzungumza. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilichapisha mazungumzo ya mteja mmoja, neno kwa neno, tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho.

Santuri hizo ndizo zilizobadilisha mafunzo. Kabla yake, mwanafunzi wa ushauri alimweleza mwalimu wake kile alichodhani kimetokea chumbani. Sasa waliweza kukaa pamoja na kusikiliza. Mwanafunzi aliyeamini kwamba amesikiliza vizuri aliisikia sauti yake ikimkatiza mteja, ikimjibia maswali, ikitoa mawaidha kabla shida haijaelezwa hadi mwisho. Hilo huwezi kujifunza ukiwa peke yako. Linahitaji mtu aliyekutangulia, akae kando yako, asimamishe mashine na kukuuliza: hapa, kwa nini hukunyamaza?

Hofu yalipa ada

Hoja ilikuwapo, fedha hazikuwapo. Fedha zilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Oktoba 4, 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik angani, na Marekani ikaingiwa na hofu kwamba imeachwa nyuma. Septemba 2, 1958 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Sehemu ya tano ya sheria hiyo ilihusu ushauri nasaha: majimbo yapewe fedha za kuimarisha huduma hiyo shuleni, na vyuo vikuu vilipwe ili kuwafundisha washauri. Mwalimu wa shule ya umma aliyejiunga na mafunzo alipata posho ya dola 75 kwa wiki, na dola 15 zaidi kwa kila anayemtegemea.

Lengo la serikali lilikuwa finyu: kuwabaini watoto wenye vipaji na kuwaelekeza kwenye sayansi. Lakini mshauri akishafundishwa kusikiliza, hachagui wa kumsikiliza. Mwaka 1964 sheria ilipanuliwa, ikazifikia na shule za msingi. Idara za ushauri nasaha zikaota mizizi vyuoni, na shahada ya uzamili ikawa ndiyo njia ya kawaida ya kuingia katika kazi hiyo.

Mwaka 1981 kikaanzishwa CACREP, chombo kinachokagua na kuidhinisha programu hizo. Leo viwango vyake vinadai krediti 60 za masomo, mafunzo ya vitendo ya saa 100, kisha utarajali wa saa 600. Jumla ni saa 700 chini ya macho ya msimamizi. Pamoja na hayo, uhaba haujaisha: chama cha washauri wa shule kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, ilhali katika mwaka wa masomo 2022/23 wastani wa taifa ulikuwa 385.

Na kwetu?

Wazo la kwamba mshauri hufundishwa si geni kwetu. Pwani tunamjua kungwi, na tunajua kwamba hakuna anayekabidhiwa mwari kwa sababu tu ana moyo mzuri. Kungwi naye alifundwa, akakaa chini ya waliomtangulia.

Shuleni tumechelewa kulizingatia hilo. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea bwenini Kyanguli, wilayani Machakos, katika moto uliowashwa na wenzao. Mwaka huohuo Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni, na ushauri nasaha ukatajwa kuwa ndio mbadala wake. Mwaka 2014 Kenya ikapata sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na vyuo vikuu kama Kenyatta vinaifundisha taaluma hii hadi ngazi ya uzamili. Bado, katika shule nyingi za Afrika Mashariki, mshauri ni mwalimu yuleyule wa Jiografia au Kiswahili, mwenye ratiba iliyojaa na semina ya siku chache. Ndiyo hali ya Boston ya mwaka 1910.

Siwalaumu walimu hao. Wengi wao hubeba siri nzito za watoto bila mtu wa kuwabebea wao. Lawama ni yetu sisi tunaodhani huruma inatosha. Mzazi, ukienda shuleni kwenye kikao kijacho, ukishauliza matokeo ya Hisabati, uliza na haya: mshauri wa mwanangu ni nani, alifundishwa wapi, na amepunguziwa vipindi vingapi ili apate muda wa kumsikiliza?