Kabla ya Free Fire kulikuwa na Lumbridge: Vile RuneScape ililea wasee wa saiba, Kawangware hadi Kibera

Kama ulizaliwa kitambo kidogo na ukalelewa karibu na stage ya 46, kuna harufu moja ya saiba unaijua. Vumbi ya kompyuta yenye imechemka, sweta za shule zimenyeshewa, na smokie ya msee amekaa nyuma yako akingoja masaa yako iishe. Wengi wetu hapo ndo tuliingia dunia yetu ya kwanza ya online, kabla hata hatujafungua Facebook. Dunia hiyo iliitwa RuneScape.

Juzi nilikuwa base flani ya PS hapa Congo, nikasikia majunia wakibishana nani mnoma kwa Free Fire. Nikawaambia sisi tulikuwa na gemu yenye ungeicheza mwaka mzima na bado haijaisha. Wakaniangalia kama buda. Basi wacha niandike hii kitu vizuri, ndio mtu akiuliza tena nimtumie link.

Hizi gemu ni zipi kwanza

Watu huziita MMORPG. Ukitoa hiyo kizungu yote, ni gemu ya online yenye maelfu ya watu wako ndani ya dunia moja kwa wakati mmoja, na kila mtu ana mhusika wake mwenye anakua polepole. Free Fire mechi ikiisha mnaanza upya wote sifuri. Huku hakuna kuanza upya. Ukikata miti leo, kesho ukirudi bado wewe ni yule mkata miti wa jana, na panga lako liko kwa benki. Ukizima kompyuta, dunia inaendelea bila wewe. Hiyo ndo ilikuwa inatunyima usingizi.

Mababu wa hizi gemu walikuwa maandishi matupu. Mnamo 1978, Roy Trubshaw na Richard Bartle, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, walianza gemu iliitwa MUD. Hakuna picha, unaandika tu "enda kaskazini" na kompyuta inakuambia umeona nini. Ultima Online ikakuja 1997, EverQuest 1999, halafu World of Warcraft mwisho wa 2004 ikamaliza mchezo duniani. Lakini World of Warcraft ilikuwa ya kununua, kuweka kwa mashine, na bado ulipe kila mwezi. Mtaani kwetu hiyo tulikuwa tunaisoma tu kwa magazeti.

Kwa nini RuneScape ndo iliingia mtaa

RuneScape ilitoka Januari 2001. Ilitengenezwa na Andrew Gower na brathe yake Paul, watu wa Cambridge, na kampuni yao ikaitwa Jagex. Siri yake ilikuwa Java. Ilikuwa inacheza ndani ya brauza yenyewe, hakuna kitu cha kudownload.

Hiyo ni kitu kubwa kuliko inavyosikika. Mashine za saiba zilikuwa zimefungwa. Mwenye saiba alikuwa anaweka programu yenye kila ukirestart inafuta kila kitu, na ukijaribu kuweka gemu yako unafukuzwa mbele ya watu. Lakini brauza lazima ikuwe, hata kama ni ya watu wa kuandika CV. Kwa hivyo sisi tulikuwa tunafungua RuneScape kwa dirisha moja na email kwa lingine, maneja akipita tunabadilisha haraka kama wasee wako na siri za serikali.

Ya pili, ilikuwa bure. Kulikuwa na sehemu za kulipia, dola 5 na ushee kwa mwezi, lakini ulihitaji kadi ya benki na mathe hakuwa nayo. M-Pesa yenyewe ilianza Machi 2007 na Jagex hawakuwa wanaijua. Kwa hivyo kila mtu mtaani alikuwa raia wa bure. Tulikuwa tunafika kwa geti ya watu wa kulipa tunachungulia tu, kama vile unapita Lavington ukiwa kwa mat ya 46.

Ya tatu ndo naipenda sana, na nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilikuwa inapitia setelaiti. Setelaiti iko juu kama kilomita 36,000, kwa hivyo kitu ukibonyeza inapanda, inashuka, jibu linapanda tena, linashuka. Hapo nusu sekunde imeenda na bado hujafika. Gemu ya kupigana risasi haiwezi kuchezeka hivyo, unauawa kabla hujaona adui. Lakini seva ya RuneScape inahesabu mambo yake kila sekunde 0.6. Mtu wa London na wewe wa Gatina wote mnangoja hiyo mdundo. Uchelewe wetu ulikuwa unajificha ndani ya gemu. Tulikuwa tunadhani saiba yetu iko na net fiti, kumbe ni gemu yenyewe ilikuwa na subira.

Maisha ya ndani

Unaanzia Tutorial Island, unafunzwa kuwasha moto na kupika samaki mpaka uchoke, halafu unatupwa Lumbridge na shoka mkononi. Uliza msee yeyote alicheza, atakuambia kitu ya kwanza aliua ni kuku. Halafu ng'ombe.

Ng'ombe za Lumbridge zilikuwa kazi ya mjengo. Unaua, unachukua ngozi, unatembea nazo hadi Al Kharid zitengenezwe. Kwa geti ya Al Kharid walikuwa wanakudai sarafu 10. Ashuu kamili! Hata kwa gemu kuna kanjo. Wasee wengine walikuwa wanazunguka njia refu kuhepa hiyo ashuu, na saiba wanalipa bob kwa dakika. Hesabu ya kinyume kabisa, lakini mimi pia nilifanya.

Mfuko wako ulikuwa na nafasi 28 tu, kwa hivyo maisha yote ilikuwa kujaza 28 na kurudi benki. Ngozi 28. Mawe 28. Lobsta 28, hiyo ulikuwa unavua Karamja, na boti ya kwenda ni sarafu 30. Ujuzi wa juu ulikuwa leveli 99, na kufika huko ulihitaji pointi 13,034,431. Hiyo namba naikumbuka kuliko namba yangu ya mtihani. Uchungu ni kwamba ukifika leveli 92 uko tu nusu ya safari. Sikuwahi fika. Sijui mtu wa mtaa alifika kwa pesa ya saiba.

Biashara ndo ilikuwa tamu. Kabla Novemba 2007 hakukuwa na soko rasmi, ilikuwa ni kusimama nje ya benki na kupiga kelele kwa maandishi. Unauza shoka, unatafuta makaa, unabargain na msee wa Kanada. Mtu amekulia karibu na Toi Market hakufunzwa hiyo kitu na yeyote. Halafu Grand Exchange ikaletwa, ikawa kama broka wa Wakulima: unaacha mzigo, bei inapangwa, unarudi baadaye kuchukua chapaa. Rahisi, lakini zile kelele zikaisha.

Vile tuliingizwa box

Hakuna mtu hakuibiwa. Ya kwanza ilikuwa ya kupamba silaha: jamaa anakuambia ana ujuzi wa kuweka dhahabu kwa armor yako, mpe tu dakika moja. Hiyo ujuzi haikuwa kwa gemu. Ya pili ilikuwa ya kudabo pesa, unampa 10,000 anakurudishia 20,000, ukijiamini unampa yote, anapotea. Ya tatu walikuwa wanakuambia ukiandika paswadi yako inageuka nyota. Unajaribu. Inaonekana vizuri kabisa.

Mimi nilitapeliwa na hiyo ya kudabo, nikiwa na miaka 13, nikatoka saiba nikalia pale Naivasha Road kama mtu amefiwa. Konda akaniuliza kama nimeibiwa simu. Ungemwambia nini? Nikasema ndio. Tangu hapo, kila nikiona zile mambo za kuwekeza pesa mara mbili kwa WhatsApp, nacheka tu na kublock.

Na kulikuwa na Wilderness, kaskazini ya ramani, mahali mtu yeyote angeweza kukuua. Ukifa unabaki na vitu vitatu vya bei ya juu, zingine zote anachukua muuaji. Hakuna gemu ya sasa imewahi nifanya moyo udunde hivyo.

Disemba 2007

Hapa lazima niende pole pole.

Nilikuwa na beshte wa Kibera, upande wa Olympic. Tulijuana shule, lakini urafiki wenyewe ulikuwa wa RuneScape. Yeye alikuwa saiba ya kwao, mimi ya kwetu, tunachagua seva moja, tunakutana kwa fauntini ya Varrock Jumamosi saa nne asubuhi. Kuenda kwao kwa miguu ni kushuka hadi Dagoretti Corner na kuvuka Ngong Road. Kuenda Varrock ni bob 30 kila mtu.

Tarehe 10 Disemba 2007, Jagex walifunga Wilderness. Kulikuwa na watu wanauza pesa ya gemu kwa pesa halisi, wengine wakilipa na kadi za wizi, na Jagex wakaamua dawa ni kukata mizizi. Wachezaji walilia dunia nzima. Beshte yangu alikuwa amenikopesha lobsta 28 wiki hiyo, nilikuwa nazitaka za safari moja ya mwisho. Nikamwambia nitakurudishia baada ya Krisi.

Uchaguzi ulikuwa 27 Disemba, matokeo yakatangazwa tarehe 30. Mwenye alikuwa hapa anajua, sitaanza kukuelezea. Kawangware iliwaka, Kibera iliwaka, reli ya Kibera iling'olewa. Saiba zote chuma chini. Tulikaa kwa keja karibu mwezi, tukila kile kilikuwa.

Tarehe 2 Januari 2008, wakati sisi tumejifungia, Jagex wakabadilisha kitu ingine: huwezi tena kumpa mtu mali bila yeye kukupa kitu cha bei karibu sawa. Zawadi zikaisha. Mkopo pia.

Saiba yetu ilifunguliwa tena Februari. Nikaingia, nikaangalia orodha ya marafiki. Jina likiwa kijani mtu yuko, likiwa nyekundu hayuko. Lake lilikuwa nyekundu. Shule nikaambiwa familia yao imerudi ocha, upande wa Kakamega. Jumamosi tatu nilikaa kwa fauntini. Ya nne jina likageuka kijani, amepata saiba mjini huko.

Hatukuongea kuhusu mambo ya nyumbani. Aliuliza tu kama niko na lobsta zake. Nikafungua trade, nikaweka zote 28, gemu ikakataa. Ati tofauti ya bei ni kubwa. Ningempa kidogo kidogo, lakini yeye alikuwa amebakisha dakika tano. Akaniambia wiki ijayo. Alikuja mara mbili hivi baadaye, na zote mbili mimi sikuwa na bob. Nilikuta tu ujumbe wake kwa mtu tulikuwa tunacheza naye.

Yenye ilifuata

Julai 2009 kebo ya SEACOM ilifika Mombasa, mwaka huo huo TEAMS pia, na net ikabadilika kabisa. YouTube ikaanza kucheza bila kusimama. Lakini pia Facebook ikameza saiba yote, na wasee wakaanza kulima mashamba ya FarmVille.

Wengine walikuwa wamehamia simu tayari. Kama ulikuwa na Nokia ya kuweka Java, kulikuwa na TibiaME, ya CipSoft ya Ujerumani, yenye ilitoka 2003. Unachagua mpiganaji ama mchawi, unacheza kwa skrini ndogo kama kiberiti, na kredo inaisha ukiwa katikati ya vita. Wasee wa TibiaME ni wachache lakini wakikutana hawanyamazi.

RuneScape wenyewe walikuja kukubali makosa. Waliwapigisha wachezaji kura, zaidi ya milioni moja zikapigwa, na 1 Februari 2011 Wilderness na trade huru zikarudi. 2013 wakapiga kura tena, wakafungua Old School RuneScape, nakala ya gemu vile ilikuwa Agosti 2007. Tangu 30 Oktoba 2018 iko kwa simu. Ukitaka kujaribu, pakua bure, unda akaunti mpya, ile ya zamani mali yake haiji huku. Anza na ng'ombe. Mtu akikuambia anadabo pesa, tembea.

Mimi niliiweka siku hiyo hiyo, nikiwa kwa mat, nikashuka stage mbili mbele bila kujua. Akaunti yangu ya kwanza nilijaribu kuirudisha ikakataa, email yake nilifungua saiba na sikuwahi kuiingia tena. Kwa hivyo sijui hilo jina sahi ni kijani ama nyekundu.

Kama ni wewe ulikuwa unasimama fauntini ya Varrock Jumamosi saa nne na kofia nyeupe ya mpishi, sasa trade inakubali. Ziko 28.