Tiba ya fistula ilipita mikononi mwa wagonjwa

Mwaka 1845, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims alipinda mpini wa kijiko. Akampigisha magoti msichana mtumwa aitwaye Betsey, akautumia mpini ule kupanua njia ya uzazi, na kwa mara ya kwanza akaliona vizuri tundu lililokuwa likimvujisha mkojo usiku na mchana.

Tundu hilo ndilo fistula ya uzazi. Hutokea pale uchungu unapochukua siku mbili, tatu, bila msaada. Kichwa cha mtoto hukwama kwenye nyonga na kukigandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena. Damu haipiti tena, na nyama iliyokosa damu hufa. Siku chache baada ya kujifungua nyama hiyo hubanduka, na kati ya kibofu na uke panabaki uwazi. Mara nyingi mtoto huwa ameshafariki. Mama hurudi nyumbani mikono mitupu, akijifunga vipande vya kanga vinavyolowa kabla havijakauka vya jana.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwanamke huyu hakuficha. Alizaa, na baada ya kuzaa ndipo alipoanza kujificha.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Mwaka 1935 daktari Douglas Derry alieleza aliyoyakuta kwenye mwili uliokaushwa wa Henhenit, mwanamke wa nyumba ya Farao Mentuhotep wa Pili, aliyeishi Misri zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Kristo. Nyonga yake ilikuwa nyembamba, na kibofu chake kilikuwa kimetoboka kuelekea ukeni. Ufalme haukumkinga.

Turudi Montgomery. Kati ya 1845 na 1849 Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa aliowaweka kwenye hospitali ndogo uani kwake. Watatu tunawajua kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Walikuwa mali ya watu, na sheria ya utumwa haikuwapa nafasi ya kukataa. Etha, dawa ya usingizi, ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846, lakini wao hawakupewa. Anarcha, msichana wa miaka 17 hivi shughuli ilipoanza, alipasuliwa mara 30. Madaktari waliokuwa wakimsaidia Sims walipochoka na kuondoka, wanawake wale walifundishwa kazi hiyo, wakawa wanashikana wao kwa wao juu ya meza.

Nyuzi za hariri alizoshonea Sims zilileta usaha na kidonda kikaachia. Mwaka 1849 Sims alijaribu uzi wa fedha, na akaandika kwamba safari hiyo tundu la Anarcha liliziba. Mwaka 1852 alichapisha mbinu hiyo, sifa zikawa zake. Mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa Central Park, New York. Mwaka 2021 Montgomery ikapata sanamu za Anarcha, Betsey na Lucy, kazi ya msanii Michelle Browder. Heshima ilichelewa, lakini imefika kwa wenyewe.

Mlolongo huo wa wagonjwa kushika kazi ya tiba uliendelea karibu na kwetu. Mwaka 1959 madaktari mume na mke, Reginald na Catherine Hamlin, walifika Addis Ababa, na katika miaka ya 1970 wakafungua hospitali ya fistula ambayo hadi leo imewatibu wanawake zaidi ya 60,000. Miongoni mwa wagonjwa wao wa mwanzo alikuwa Mamitu Gashe, msichana wa kijijini ambaye hakuwahi kukaa darasani. Alipopata nafuu alibaki hospitalini akitandika vitanda. Kisha akawa anashika vifaa chumba cha upasuaji, kisha akashika sindano. Akawa mpasuaji hodari, akawafundisha hata madaktari wenye shahada.

Hapa Tanzania, hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam iligundua kwamba matibabu kuwa bure hakutoshi, maana mgonjwa hana nauli. Kuanzia 2009 nauli ikatumwa kwa M-Pesa kwa balozi wa kijijini, anayemtafuta mgonjwa, kumkatia tiketi na kumpandisha basi. Baadhi ya mabalozi hao waliwahi kupanda basi hilohilo wakiwa wamelowa.

Leo tundu dogo na jipya linaweza kujifunga bila kisu, mradi mama awahi kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Tundu la zamani hushonwa chini ya ganzi, na mpira hukaa wiki mbili hivi. Mama akiendelea kuvuja anapokohoa au kucheka, yapo mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, aliyoyaeleza Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948, na zipo operesheni nyingine.

Tangu 2013, kila Mei 23 dunia huadhimisha siku ya kutokomeza fistula. Lakini mwenye fistula haji kwenye maadhimisho. Amekaa chumba cha uani, karibu na beseni lake la kufulia. Anachosubiri ni mtu wa kuketi naye mkekani na kumwambia: dada, hili lina dawa, twende.