Mtepe haukukosa msumari

Juzi nilipita Kariobangi kwa fundi mmoja wa vitanda, nikamwonyesha kwa simu picha ya mtepe, chombo cha zamani cha watu wa Lamu. Mbao zimeshonwa kwa kamba kama kiatu. Msumari hakuna hata mmoja. Mzee akaangalia, akacheka: "Hawa walikosa misumari, kijana wangu."

Nikacheka pia, maana hiyo ndiyo stori tumekulia nayo: wageni walikuja na chuma, sisi tulikuwa na kamba. Halafu nikaenda kusoma. Maze, tumedanganyika.

Tuanze na umri. Karne ya 1, Mgiriki mmoja aliandika mwongozo wa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi unaoitwa Periplus. Anataja soko la pwani yetu, Rhapta, na anasema jina lenyewe limetokana na mashua za kushonwa. Songa mbele hadi 1498: watu wa Vasco da Gama wanafika Msumbiji na kukuta vyombo bado vimefungwa kwa kamba, matanga ni mikeka. Hiyo ni miaka 1,400 na zaidi. Kitu cha kubahatisha hakiwezi kuishi hivyo.

Na chuma kilikuwepo! Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma, na biashara yake ndiyo iliwaletea faida kubwa kuliko zote. Sasa niambie, mtu anayeuza chuma atakosaje msumari?

Jibu liko kwa jinsi mtepe ulivyoundwa. Fundi anatoboa matundu kwenye kingo za mbao mbili, anapitisha kamba ya makumbi ya nazi, anavuta hadi zibanane, kisha anagonga vijiti ndani ya matundu ili kamba isilegee na maji yasipite. Chombo kinachotoka hapo kinanesa kidogo. Na pwani yetu ina miamba mingi, halafu zamani mashua ilipandishwa tu mchangani maji yakitoka. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alieleza vizuri: chombo cha misumari kikigonga mwamba kinavunjika, cha kushonwa kinahimili. Ongeza kutu. Maji ya chumvi yanakula chuma, lakini kamba iliyochoka unaikata, unashona nyingine, mbao zako bado ziko.

Lakini nisiwauzie ndoto. Kamba nayo ilikuwa na gharama. Marco Polo aliona vyombo vya kushonwa kule Hormuz na akavisema vibaya kabisa, ati ni hatari na vingi vinazama. Mtepe ulivuja, kwa hivyo lazima kuwe na mtu wa kuchota maji safarini. Ulihitaji kushonwa upya kila mara, na hiyo ni mikono mingi na siku nyingi. Kwa hivyo hakuna aliyekuwa mjinga hapa. Ukichagua msumari unalipa kwa kutu na ugumu, ukichagua kamba unalipa kwa jasho la kila msimu. Watu wa Lamu walipiga hesabu yao, wakalipa walichoweza.

Baadaye hesabu ikabadilika. Misumari ikawa rahisi kupata, jahazi la misumari likachukua mizigo, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 mtepe ulikuwa unapotea. Fundi wa jahazi naye ana akili yake: anatafuta tawi lililojipinda lenyewe kwa ajili ya taruma, ili nyuzi za mti zifuate pindo, na anaziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta. Anaita kukalafati.

Na hesabu bado inaendelea. Mwaka wa 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha baharini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyotupwa, likavishwa malapa yapata 30,000. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mbinu ni zile za babu: mkuku, mataruma, mbao. Kilichobadilika ni malighafi. Na hii inatuhusu sisi wa Eastlands. Mto Nairobi unapita Dandora, unaingia Athi, unaitwa Galana halafu Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Lapa lako likitupwa hapa, njia ya kufika kwa hao mafundi iko wazi.

Ndiyo maana neno "walikosa" linaniudhi. Ukisema mtu alikosa, unaacha kumuuliza kwa nini alichagua.

Nilirudi kwa yule mzee. Nikamuuliza kwa nini vitanda vyake vya bei ya juu havina misumari, ila miguu imeingizwa kwa ulimi na tundu. Akasema, "Msumari unalegea, kitanda kinaanza kulia. Huu ulimi utazika mwenye kitanda." Kisha akanyamaza kidogo, akanyoosha mkono.

"Hebu nione tena hiyo picha."