Udongo, Mchele Mbichi na Damu ya Mjamzito Kisiwani Pemba

Kula udongo wakati wa mimba ni desturi ya muda mrefu kisiwani Pemba, na mara nyingi udongo wenyewe haufuatwi mbali. Huchukuliwa kwenye ukuta wa nyumba iliyokandikwa. Mwanamke hukwangua kipande kidogo kilichokauka, akakitia mdomoni na kukiacha kilainike kabla ya kukimeza. Sera Young, mtafiti wa lishe kutoka Marekani aliyefika Pemba kuchunguza upungufu wa damu, alimwuliza mama mmoja mjamzito ni vitu gani anavyopenda kula. Akajibiwa kwamba mara mbili kila siku hula udongo wa ukuta wa nyumba yake. Jibu hilo lilimgeuza mtafiti mwenyewe. Miaka iliyofuata alishughulikia tamaa ya vitu visivyo chakula, na mwaka 2011 akachapisha kitabu kizima juu yake, *Craving Earth*.

Kinachotafunwa zaidi Pemba, hata hivyo, ni mchele mbichi. Kila nyumba inao, na kazi ya kuuchagua kwenye ungo humpa mjamzito nafasi ya kutia mdomoni konzi moja baada ya nyingine bila mtu kuuliza. Young na wenzake walipowahoji wajawazito 2,368 wa kisiwa hicho, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, asilimia 36.3 walisema hula wanga mbichi kama mchele au unga, asilimia 5.6 walisema hula udongo, na waliokula kimojawapo kati ya vitu vya namna hii walikuwa asilimia 40.1. Kwa kuwa kula udongo ni jambo la kuonewa haya, ni busara kuichukulia hesabu ya wala udongo kama kiwango cha chini. Jirani tu, katika pwani ya Kenya, wajawazito 275 wa Kilifi walihojiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, na asilimia 56 walikiri kula udongo mara kwa mara. Wengi wao nao waliutoa kwenye kuta za nyumba.

Habari za kula udongo katika visiwa vya Zanzibar ziliandikwa mapema, lakini mwanzoni ziliandikwa kama habari za watumwa. David Livingstone, katika shajara zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, alieleza maradhi ya Zanzibar yanayoitwa safura. Mgonjwa hula udongo, miguu humvimba, mwili hukonda, pumzi humpungukia hata kutembea kukawa taabu, naye huendelea kula mpaka afe. Livingstone alikanusha kwamba watumwa walikula udongo ili wajiue. Aliona kwamba hata matajiri wenye chakula tele walipatwa na tamaa hiyo. Kanusho hilo lilikuwa na uzito wake, maana katika mashamba ya Karibiani na Brazili mabwana waliamini kwamba mtumwa anayekula udongo anakusudia kuwaharibia mali, wakafikia kuwafunga watu vinyago vya chuma mdomoni. Maumivu ya mwili wa mtu yalihesabiwa kuwa ukaidi.

Pemba ya wakati ule ilikuwa na kila kitu cha kulea safura. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila hasara kubwa, na kisiwa hicho kikawa ndicho kitovu cha karafuu. Watu waliotekwa bara waliletwa kupalilia na kuchuma. Walifanya kazi miguu mitupu chini ya kivuli cha mikarafuu, kwenye ardhi yenye unyevu karibu mwaka mzima. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini iliwaacha nje masuria, wakangoja mpaka mwaka 1909. Wanawake ambao miili yao ilitumika kuwazalia mabwana watoto ndio waliokuwa wa mwisho kuachiwa huru, na historia ya uzazi kisiwani haiwezi kuandikwa kwa haki bila kulitaja hilo.

Sababu kubwa ya dalili alizozieleza Livingstone ni mnyoo ambao leo katika vitabu vya afya vya Kiswahili huitwa kwa jina lile lile, mnyoo wa safura. Daktari Angelo Dubini aliuona kwa mara ya kwanza mwaka 1838 mjini Milan, alipopasua maiti ya mwanamke wa shamba. Miongo sita baadaye mtaalamu wa vimelea Arthur Looss, akiwa Kairo, aligundua kwamba viluwiluwi vyake hupenya ngozi. Hutoboa unyayo, hupita katika damu na mapafu, humezwa pamoja na makohozi, na mwisho hung'ang'ania ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu. Aina mbili kuu zinazowapata binadamu zimo Pemba. Mnyoo mmoja wa aina ya Ancylostoma duodenale unaweza kumpotezea mtu hadi mililita 0.2 za damu kwa siku. Kwa mwenye minyoo mia moja, hiyo inaweza kuwa zaidi ya nusu lita kila mwezi, na hakuna tone analoliona.

Wapemba wenyewe hawakungoja darubini. Utafiti wa Young na Said M. Ali wa kisiwani humo, uliochapishwa mwaka 2005, ulieleza kwamba wanawake wanatambua maradhi mawili yanayokaribiana, upungufu wa damu na safura, na kila moja lina njia yake ya tiba. La kwanza huhusishwa na chakula na vidonge vya kliniki. La pili, kwa wengi, ni la dawa za kienyeji. Mgawanyo huo una matokeo yake kliniki: mama anayeamini kwamba ana safura anaweza kupokea vidonge vya kuongeza damu, akaviweka kabatini kwa imani kwamba havihusiani na maradhi yake.

Mimba yenyewe, hata kwa mwanamke asiye na mnyoo hata mmoja, huugeuza mfumo wa damu kwa namna inayostaajabisha. Majimaji ya damu huongezeka kwa karibu nusu, yaani zaidi ya lita moja, ilhali chembe nyekundu huongezeka kwa kiasi cha robo tu. Damu huwa nyepesi, na wepesi huo una faida. Hupita vizuri katika kondo la nyuma, na humpa mama akiba ya kile atakachopoteza wakati wa kujifungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kwa mjamzito kuanzia chini ya gramu 11 za himoglobini kwa desilita, badala ya 12 za mwanamke asiye na mimba, na katika mwongozo wa mwaka 2024 kipimo cha miezi mitatu ya kati kilishushwa hadi 10.5. Kuna upungufu wa kawaida wa mimba na kuna upungufu wa maradhi, na kuutenganisha mmoja na mwingine ni kazi ya kipimo. Macho peke yake hayatoshi.

Mimba moja huhitaji takriban gramu moja ya madini ya chuma, uzito wa karafuu kavu zinazoenea kwenye ncha za vidole. Karibu nusu yake hutumika kutengeneza chembe nyekundu za mama, kama theluthi huenda kwa mtoto na kondo, na iliyobaki hupotea kwa njia za kawaida. Wanawake wengi huanza mimba bila akiba inayofikia hapo. Mwili hujaribu kuziba pengo: homoni ya ini iitwayo hepsidini, ambayo siku zote huuzuia utumbo kunyonya chuma kingi, hushuka sana kadiri mimba inavyokua. Mtoto naye huchukua haki yake kwanza. Kondo la nyuma huendelea kuvuta chuma hata pale mama anapokaribia kuishiwa, na sehemu kubwa huvutwa katika miezi mitatu ya mwisho. Akiba hiyo ndiyo humtosha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake kwa miezi sita hivi ya mwanzo, na huongezeka ikiwa kitovu hakikubanwa mara tu baada ya kuzaliwa. Kungoja dakika moja hadi tatu humletea mtoto damu ambayo ingebaki kwenye kondo.

Tamaa ya udongo inaingia wapi katika hesabu hii? Katika utafiti wa Pemba wa mwaka 2010, waliokula udongo au wanga mbichi walikuwa na himoglobini ya chini zaidi, na waliokula vyote viwili walikuwa na hali mbaya zaidi. Dhana iliyozoeleka ni kwamba mwili unaokosa chuma hukitafuta ardhini. Dhana hiyo ina kasoro. Majaribio ya maabara juu ya udongo unaoliwa yameonyesha kwamba chuma kilichomo, kwa sehemu kubwa, hakiachiliwi kwa namna ambayo utumbo unaweza kukitumia, na baadhi ya aina hukamata hata chuma cha chakula kikapita bila kunyonywa. Watafiti walioupima udongo wa Uturuki miaka ya 1960 walikuta jambo hilo hilo. Mchele mbichi nao hauna chuma cha kutajwa. Kwa upande mwingine, inajulikana hospitalini kwamba mgonjwa mwenye tamaa ya kutafuna barafu kwa kukosa chuma huiacha ndani ya siku au wiki chache baada ya kuanza dawa. Basi upungufu unaweza kuleta tamaa, na tamaa inaweza kuzidisha upungufu. Mzunguko huo ni hatari kuliko sababu moja inayokwenda upande mmoja.

Utafiti ule wa Pemba uliiunganisha pia tamaa hii na kichefuchefu na maumivu ya tumbo. Hapa elimu ya karibuni imeongeza jambo. Mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba kichefuchefu cha mimba kinahusiana sana na homoni iitwayo GDF15, ambayo mtoto na kondo huimwaga kwa wingi katika damu ya mama. Wanawake waliokuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndio huteseka zaidi, kwa kuwa miili yao haikuizoea, na wenye ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao thalasemia ya beta, ambao huishi na homoni hiyo kwa wingi maisha yao yote, huripoti kichefuchefu kidogo sana. Udongo laini wa mfinyanzi hutandaza utando juu ya ukuta wa utumbo na hushika baadhi ya sumu na vijidudu. Dawa za tumbo za kaolini zilitumia sifa hiyo kwa miaka mingi. Young na wenzake, walipopitia mamia ya maelezo ya kula udongo kutoka pande zote za dunia mwaka 2011, waliona kwamba ushahidi huegemea zaidi upande wa kinga ya tumbo kuliko upande wa njaa au wa kutafuta madini. Hilo linamtetea mwanamke dhidi ya tuhuma ya ulafi au wazimu, bila kuufanya udongo kuwa dawa.

Tuhuma nyingine iliyoanguka Pemba ni ya minyoo. Ilidhaniwa kwamba wanaokula udongo hujipatia minyoo kutoka humo. Utafiti wa mwaka 2007 uliuchunguza udongo uliokuwa ukiliwa kisiwani na haukuukuta kuwa njia ya kuambukiza safura wala mnyoo mjeledi. Ukuta uliokauka si mahali pa kiluwiluwi kinachohitaji unyevu, na safura huingia hasa kwa unyayo. Hatari ya kweli iko kwengine. Kanda ya Ziwa ya Tanzania bara, ambako udongo huuzwa sokoni ukiwa umefinyangwa kama vijiti, utafiti wa Geita uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito wakiula, na udongo huo ukiwa na madini yenye sumu, aseniki miongoni mwake. Sumu hiyo huvuka kondo la nyuma.

Kinga ya safura kisiwani ilianza kushika kasi mwaka 1994, watoto wa skuli walipoanza kupewa dawa za minyoo kwa mpango wa kudumu. Mwaka huo huo wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani walikubali kwamba mjamzito naye anaweza kutibiwa safura baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2000 ilifunguliwa huko Wawi, Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia, na humo Wapemba wenyewe wamefanya sehemu kubwa ya kazi iliyotajwa hapa. Mwaka 2003 jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo wa Pemba chuma na asidi ya foliki lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao katika mazingira ya malaria kali. Fundisho hilo lilibadili miongozo ya dunia, na likaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuifidia baadaye kwa kidonge akiba ambayo mtoto huzaliwa nayo, ile aliyopewa na mama.

Kwa mjamzito mwongozo haujatikisika: miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na asidi ya foliki, na dawa ya minyoo palipo na safura nyingi. Kinachokosekana ni swali. Mkunga wa kliniki ya Wete, Chake Chake au Mkoani anayemwuliza mama, faraghani na bila kumkemea, kama anatafuna mchele mbichi au udongo, akipata jibu la ndiyo ampime damu siku hiyo hiyo.