Safu ya Lugha: Kambale si ukoo

Mjini Goma husikika sana: "Yule ni wa ukoo wa Kambale." Usemi huo unapotosha. Kwa Wanande, yaani Bayira, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili. Wa tatu ni Kasereka, na binti wa kwanza ni Masika. Ndugu watatu wa Butembo wenye majina hayo, baba mmoja mama mmoja, hujaza fomu za shule kila mmoja na jina lake kwenye nafasi ya kwanza, na karani mgeni hudhani hawana undugu.

Jina la Kambale linavuka mpaka. Mwaka 1910 wakoloni waliigawa Rwenzori kati ya Kongo ya Wabelgiji na Uganda ya Waingereza. Upande wa Kasese, kwa Wakonzo, Kambale ni Bwambale na Kasereka ni Masereka. Nafasi ya kuzaliwa ni ileile.

Tofauti na Kambale, O'Brien la Ireland ndilo jina la ukoo hasa: "O" ni mjukuu, na babu anayetajwa ni mfalme Brian Boru, aliyeuawa mwaka 1014. Conor Cruise O'Brien alikuja nalo hadi Katanga mwaka 1961, akiwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa. Kwa Waairishi hao, baba na wanawe wote huitwa O'Brien.

Lakabu nayo ni kitu kingine: mtu huipata kwa sifa au vituko vyake. Anayetaka kujua ukoo wa Kambale aulize kama ni Mushu, Muswagha, Mumate au Mutangi.