Kipaji cha uso, kipaji cha kazi

Kipaji cha uso, wengine husema paji, ni pale juu ya nyusi, mtu anapojipiga kiganja akikumbuka alichosahau. Kipaji tunachokizungumzia maofisini ni kingine: hicho ni cha ukoo wa kitenzi "-pa", ndugu yake kipawa. Mtu amepewa, hakuomba. Talanta, neno la Biblia, asili yake ni kipimo cha uzito wa fedha, na labda ndiyo maana wakubwa wanaipenda zaidi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 232, inataka watu waajiriwe na kupandishwa vyeo katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na ustahili. Sawa. Lakini fomu niliyowahi kujaza mimi iliuliza vyeti tu.

Juzi, uwanja wa ndege wa Moi, Changamwe, nikimsubiri shangazi, nilimwona mchukuzi wa mizigo akimtuliza bibi wa Kiitaliano aliyepotelewa na begi, kisha akamgeukia Mjerumani kwa lugha yake.

"Kaka, umesomea wapi?"

"Nyali, ufukweni, nikiuza vinyago," akajibu, akijifuta jasho kipajini.